Siku Plamedi aliniita mbele ya wakubwa ya kazi

Bunia, Mudzipela, kwa Shangazi

Mama yangu mupendwa,

Kama hii barua inakukuta na jembe mu mukono, weka jembe chini kwanza. Si habari ya kifo. Siye wote tuko wazima, mimi, mutoto yangu Plamedi na Shangazi Jeannette. Nilitaka uanze na hiyo, juu najua mama akipata karatasi kutoka mbali, roho inakimbia mbele ya macho.

Na weye, Mama, uko namna gani? Ile kifua yenye ilikuwa inakubana wakati ya mvua, inakuacha kidogo? Na Baba, muguu yake? Munalala mu nyumba, ama mungali munalala kule ku shamba? Hapa tunasikia kila siku kitu ingine. Mutu moja anasema upande yenu ya Aveba kumetulia, watu wanavuna maharagi. Kesho yake mwingine anatoka ku barabara, anasema masasi ya bunduki ililia mpaka kukapambazuka. Simu haipite tena tangu walichoma antena. Nikipiga, ile mwanamuke ya mu simu ananiambia kwa Kifaransa kama hamupatikane, na mimi namujibu, "Najua, dada, lakini jaribu tena." Shangazi ananiangalia tu.

Njo maana naandika. Barua inakuja na bibi ya katekista, ile mama mufupi yenye alikuja kutafuta dawa ya macho. Anarudi na wale wenye kufuata magari ya askari. Alisema ataiweka ndani ya kitambaa ya kichwa, juu mifuko wanaipekua ku kila bariere ya barabara, lakini kichwa ya mwanamuke bado wanaiheshimu.

Plamedi anatembea sasa. Nadanganya, hatembei, anakimbia, sawa kuku yenye imeona kisu. Meno ilitoka juu na chini, na anaijaribu ku kila kitu, hata ku bega yangu. Bado ananyonya asubui na mangaribi. Maneno yake ni kidogo: "mama", "maji", na "shii", yaani shilingi, juu siku yote iko ku meza ya Shangazi ku soko, na pale wamama wanaita "dola, shilingi, dola, shilingi" mpaka jua inashuka. Baba akisikia kama mujukuu yake alijua shilingi mbele ya kujua jina ya yeye koko yake, atalalamika. Mwambie tunamufundisha. Prosper, baba ya mutoto, angali ku machimbo ya zahabu upande ya Mongbwalu. Alituma salamu na kitenge kwa motard ya pikipiki, neno ya kurudi hakutuma. Tuache hiyo.

Weye Mama haujaona ile meza ya Shangazi. Wakati walichoma kijiji ya Marabo na bwana yake akabaki kule mu udongo, Shangazi aliingia Bunia na nguo ya mwili tu. Alianza na kuuza makala, kisha akaanza kubadilisha franga. Ni meza kidogo ya mbao, na mabunda ya franga yenye kufungwa na kautchu ya mupira. Mutu anakuja na shilingi ya Uganda, anatoka na franga. Mwingine iko na franga, anatafuta dola. Shangazi anainua dola mbele ya jua, anaigeuza, anaipapasa ku pembe, na akiona mupasuko hata sawa unywele, anairudisha: "Papa, hii imeshakufa, uizike." Plamedi anakaa chini ya meza ku kitenge, anacheza na vikautchu. Ile meza njo inatulisha. Njo ilinirudisha ku masomo kisha ya kuzaa, wakati wengi hapa walikuwa wanasema muschana yenye kuzaa, kalamu yake imekauka.

Sasa nikuambie juu ya kazi. Mu section yetu ya commerciale, masomo ya biashara, wakati ya grandes vacances, ile likizo kubwa, kila mwanafunzi anapashwa kuingia mu biro fulani kwa kujifunza. Wanaita hiyo stage. Kisha wakubwa ya ile biro wanakupa attestation, karatasi yenye kusema ulifanya kazi muzuri. Bila ile karatasi hauingie mu mwaka ya mwisho. Wenzangu walienda ku ma-boutique na ku depo ya simenti. Mimi nilipata biro ya serikali yenye kuchunga wale wenye kuchunga feza ya watu. Namna gani nikuelezee? Unakumbuka ile cooperative yenye wamama waliwekaka feza ya mavuno, kisha gérant mwenye kuisimamia akavuka Uganda nayo, na Mama Dorika akalala mbele ya mulango mpaka watu wakamubeba? Hii biro kazi yake ni kuzuia mambo sawa ile. Wanaingia mu cooperative, wanauliza, wanaangalia kama kile kinasemwa ku mulango njo kile kiko mu sanduku. Wanauliza pia wenye kubadilisha franga.

Na ni kazi muzuri, Mama. Nisikuoneshe tu uso ya kulia. Nilipenda ile biro tangu siku ya kwanza, na harufu yake ya karatasi ya zamani na petroli ya groupe ya umeme. Nilijifunza kupanga ma-dosie ya karatasi, kupiga muhuri bila kuipindisha, kupokea watu wenye kasirani. Mukubwa yetu ni mama moja ya Kisangani, tunamuita Madame Chef. Hacheki ovyo. Alitufundisha: "Siye hatuko polisi. Siye ni watu ya kuuliza. Mwenye kushika feza ya mwingine anaulizwa. Na mwenye kuuliza, naye anaulizwa." Nilikuwa narudi nyumbani namuelezea Shangazi, na yeye ananiambia, "Soma, mama, soma. Siku moja weye njo utakaa mu ile kiti." Asubui alikuwa ananipigia pasi ya makala ku chemise ya mupe, shati yangu nyeupe ya kazi, anaacha nusu ya makala ya chai yake ndani ya ile pasi.

Makosa ilianza siku ya kwanza, na ilianza na kicheko. Inspecteur moja, Papa Faustin, mutu ya kuchekesha sana, alikuwa anaandika majina yetu. Akasema, "Mwaka yenye ilipita walituletea stagiaire na mutoto. Kila wakati tunamutafuta, iko nyuma ya biro ananyonyesha. Mwaka hii nataka wamademoiselle tu, wenye hawajazaa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Akaniangalia: "Weye ni mademoiselle, eh?" Nikasema, "Ndiyo, Papa." Ilitoka mu kinywa nyepesi, sawa mutu anasema bonjour.

Tangu pale nilikuwa watu wawili. Hapa Mudzipela hakuna mwenye kuniita Denise. Ni Mama Plamedi, ku kisima, ku kanisa, hata watoto wenye kuuza mafuta mu machupa, "Mama Plamedi, unapita bila kununua?" Nikifika ku biro nakuwa Mademoiselle Denise. Nilikuwa naweka kitambaa mu soutien ya kifua, maziwa isilowe chemise, na saa ya katikati naingia mu choo naikamua ku ukuta, naifuta na muguu. Namna unasoma hii, Mama, najua unatikisa kichwa. Mimi pia natikisa.

Siku moja Papa Faustin akasema tunatoka ku soko, tunaenda kuona wenye kubadilisha franga, nani iko na ruhusa na nani hana. Akanipa daftari nimushikie. Nilijua Shangazi hana ruhusa. Ningeweza kusema pale pale, "Papa, kule kuko mutu yangu." Maneno ilikuwa fupi. Lakini ingevuta ingine, unakaa kwa nani, mutoto ya nani, na ile neno yangu ya siku ya kwanza ingetoka uchi. Nikaomba Mungu tuanzie upande ingine ya soko. Mungu hakunisikiliza, na sasa naona alikuwa na sababu.

Wale wamama wanakaa mustari moja, meza karibu na meza, na mwishoni kuko Mama Furaha yenye kuuza mandazi. Wote wananijua. Wengine walibeba Plamedi wakati alikuwa bado na kitovu. Mama Furaha aliniona kwanza, akafungua kinywa kwa kuniita sawa kila siku. Nikaona Shangazi anamukanyaga muguu. Namna hiyo tu. Na kutoka pale, mustari yote ilinyamaza. Hakuna hata moja aliniita, Mama. Walinifungia siri yenye sikuwaomba.

Papa Faustin akafika ku meza ya Shangazi.

"Bonjour, Mama. Ruhusa yako iko wapi?"

"Chef, vitu yangu yote ilibaki Marabo mu nyumba yenye walichoma."

"Eh! Kila mutu karatasi yake iliungua. Moto ya Ituri inapenda karatasi sana, franga haipende."

Wamama wakacheka kidogo, kicheko ya heshima. Mimi nilikuwa naangalia daftari. Njo pale kitenge ya chini ya meza ikatingishika, Plamedi akatoka, na vikautchu mu mukono sawa bangili. Akaniona. Mama, uso yake ilifunguka! Siku yote hanionake, sasa niko pale wakati jua ingali juu. Akanyoosha mikono yote mbili: "Mama! Mama!"

Papa Faustin akageuka. "Mademoiselle Denise, huyu anakuita weye."

Nikafungua daftari, sawa natafuta ukurasa.

"Unamujua?"

"Hapana."

Shangazi hakuacha ile neno ikae hata kidogo. Akaruka juu yake: "Umuache, chef! Huyu kila mwenye kuvaa chemise ya mupe ni mama yake. Juzi aliita mulinzi ya banki mama, na yule iko na ndevu!" Mustari yote ikapasuka na kicheko, na Mama Furaha akaongeza, "Mulinzi mwenyewe alikaribia kukubali!" Papa Faustin akacheka mpaka akafuta macho. Plamedi akafika ku muguu yangu, akashika pindo ya jupe yangu. Shangazi akazunguka meza, akamutoa mikono kidole kwa kidole, akamutupa ku mugongo, akafunga kitenge na akageuka, ili uso ya mutoto iangalie ukuta. Nilikuwa naona tu miguu yake inapiga. Alilia ile kilio yenye kukwama mu koo, unaijua. Na maziwa ikashuka, Mama. Kinywa yangu ilisema hapana, na kifua ikajibu, mpaka kitambaa ikalowa, na nikashika daftari ya serikali mbele ya chemise kwa kuficha.

Papa Faustin akamuambia Shangazi afunge meza mpaka atapata ruhusa, akamuomba jina. Yeye akasema jina, mimi nikaandika. Sikukosea hata herufi moja.

Mangaribi nilifika nyumbani, Plamedi akanikimbilia sawa kila siku. Hiyo njo iliniuma. Nilitaka anikasirikie, anipige na vile vikono. Alipanda tu ku miguu yangu, akafungua chemise mwenyewe, akanyonya. Shangazi akaweka bugali na mboga ya lenga-lenga. Nikaanza, "Shangazi, leo..." Akasema, "Kula, inapoa." Nikaanza tena. Akasema, "Kazi ni kazi." Na akatoka kwenda kuanua nguo.

Lakini wamama wengine hawakufunga kinywa. Kesho yake ku kisima: "Mupishe njia, Mademoiselle anapita! Bidon yake ya maji isiguse yetu!" Mwingine: "Mademoiselle, huyo mutoto uko unabeba ni ya nani? Ya mulinzi ya banki?" Nikacheka nao, tena. Nimeona kama kicheko yangu ni kitu mubaya, inatoka wakati ningepashwa kusimama. Mama Furaha hakucheka. Aliniambia, "Tulinyamaza juu ya Jeannette. Si juu yako."

Meza ikabaki mu nyumba, imesimamishwa ku ukuta na miguu yake juu. Shangazi akarudi ku kazi ya makala, akawa anarudi na mikono nyeusi mpaka ku kiwiko. Chai ikaisha. Mu hii nyumba kuko pia watoto ya jirani yake ya zamani, wenye walikimbia vita ya Djugu, wanakula na siye. Hakuna mwenye aliniuliza kitu. Na chemise yangu, kila asubui, nilikuwa naikuta imepigwa pasi. Na ile makala yake ya kuuza njo alikuwa anaweka mu pasi, Mama! Nilikuwa naivaa sawa mutu anavaa miba.

Kisha Shangazi akakuja ku biro kuomba ruhusa. Hakuniambia atakuja. Mimi njo nilikuwa ku meza ya kupokea watu. Nikainua macho, namuona mu mustari, nyuma ya wanaume ya viatu kubwa, na kitenge yake ya kanisa, na Plamedi ku mugongo juu hakukuwa mutu ya kumuachia. Zamu yake ikafika. Akasema, "Bonjour, Mademoiselle." Sauti muzuri, bila kunichoma. Alinisalimia namna mugeni anasalimia mugeni, ili nisipate tabu.

Nikamuomba jina yenye naijua. Akanipa. Nikamuuliza anakaa wapi. Akasema, "Mudzipela." Nikamuuliza anakaa na nani. Akasema, "Na watu yangu."

Nikaangalia Plamedi. Alikuwa macho, kichwa ku bega ya Shangazi, ananiangalia. Nikangoja anyooshe mikono. Nikajitayarisha, nikasema mu roho, akiniita mara hii, namuitika. Hakuniita, Mama. Aliniangalia sawa mutu anaangalia dirisha. Kisha akageuza uso mwenyewe upande ya ukuta, bila mutu kumugeuza.

Alikuwa amejifunza. Mimi njo nilimufundisha.

Nikasimama, kiti ikaanguka nyuma yangu. Nikasema, "Plamedi." Ilitoka kubwa kupita namna nilitaka, watu ya mustari wakageuka. Hakugeuka mara moja. Nikasema tena, "Plamedi, mama njo huyu." Nikazunguka meza, nikafungua kitenge ku mugongo ya Shangazi, nikamushika. Akabaki mugumu kidogo mu mikono yangu, sawa mutoto ya jirani. Kisha akalegea.

Madame Chef alikuwa amesimama ku mulango ya biro yake. "Denise, huyu ni nani?"

"Ni mutoto yangu, Madame. Na huyu mama ni shangazi yangu. Nakaa kwake, nakula kwake."

Papa Faustin akatoka: "Lakini si uliniambia hapana? Pale ku soko?"

"Nilisema hapana, Papa."

Alitaka kuleta kichekesho, nikaona anaitafuta, haikukuja. Akainamia viatu yake.

Madame Chef akaniita ndani. Sikumuacha Plamedi, nikaingia naye. Akaniambia, "Mimi pia nilizaa wakati ningali ku masomo. Mutoto hakukuwa shida, ungesema tu. Shida ni vile ulisimama ku meza ya mutu ya nyumba yako, na daftari ya hii biro mu mukono, ukaandika jina yake sawa haumujue. Cooperative tunaifunga juu ya kitu sawa hiyo, gérant anaficha kama mwenye kukopa ni ndugu yake. Na weye uliifanya mbele ya pua yetu." Nilijua iko na haki. Akasema dosie ya Shangazi itasomwa na mutu mwingine, itangoja zamu yake, haitapita mbele na haitabaki nyuma. Mimi akanitoa ku kazi ya kupokea watu, akaniweka nyuma, kupangusa vumbi ku ma-dosie ya zamani. Juu ya attestation akasema, "Nitaona namna unamaliza." Basi namaliza, Mama. Napangusa kila karatasi sawa ni uso ya mutu. Sijui kama atanipa. Niko na tumaini, juu asubui moja alipita akaniuliza, "Mutoto amekula?" na mutu yenye amekufungia roho haulizake hiyo.

Ile siku tulirudi na Shangazi kwa miguu, mimi na Plamedi ku mugongo. Tukafika ku daraja. Pale nikapiga magoti mu vumbi, motard wakipita, nikaanza kuomba musamaha. Akaniinua na mukono moja. "Simama, unachafua jupe. Biro imekuambia makosa yake. Yangu bado. Na musamaha ya yangu haitoke mu kinywa yako. Mutoto akikosea shangazi, baba yake njo anamuombea. Ulizaliwa wapi weye, usijue hiyo?"

Najua, Mama. Kwetu shangazi ni baba yenye kuvaa kitenge, na mutoto haendake mbele ya baba yake na mikono mitupu na maneno yake mwenyewe. Baba angekuja hapa na kuku, angekaa ku mukeka, angesema na dada yake mpaka kuku iingie mu chungu. Nikamuambia Shangazi barabara imefungwa. Akasema, "Kuku asitume, itaishia ku bariere ya kwanza, askari watasameheana nayo. Atume maneno."

Sasa njo nafika ku kile naomba. Musomee Baba hii barua, pole pole, wakati ametoka kula. Kisha aandike, ama aseme na weye uandike, maneno ya kuniombea kwa dada yake, na bibi ya katekista atairudisha wakati atakuja tena kwa macho yake. Tangu ile siku Shangazi ananipa chakula, anabeba mutoto, ananiuliza kama nimelala muzuri. Lakini haniite tena "mama" namna alikuwa ananiitaka. Haniite kitu. Anasema tu, "Chukua hii," "Funga mulango." Nasikia ile nafasi kila siku, sawa jino yenye ilitoka.

Na Mama, umuambie Baba asinisaidie kupita kiasi. Asiandike kama mimi ningali mutoto, sikuelewa. Nilielewa. Asiandike kama ilikuwa woga ya kupoteza masomo tu, juu kulikuwa pia haya, na haya ya watu yako si woga, ni kitu ingine. Asiandike kama sikumuona Plamedi vizuri. Nilimuona mbele hata hajatoka chini ya meza. Aandike kama binti yake alikana watu yake mbele ya wakubwa, na yeye baba ya binti anakaa chini anaomba.

Plamedi bado akiniona barabarani ananiangalia kwanza mbele ya kuniita. Anangoja aone uso yangu ya leo ni gani. Namuitika hata hajafungua kinywa. Itapita, naamini itapita, mutoto ni udongo ya mvua. Lakini kuko asubui zenye nafika ku kona ya biro na chemise yangu ya mupe, naona wamama wanapita na watoto ku mugongo, na natamani mutoto yeyote aniite, ili tu niseme ndiyo.

Munisalimie koko mwanamuke wa ku mutoni, mumuambie dawa yake ya mizizi ilinisaidia mimi na maziwa yangu. Munisalimie kaka yangu mukubwa, asitembee peke yake ku njia ya shamba. Munisalimie mwalimu yangu ya primaire kama angali pale, na ule shemeji ya kupiga ngoma ku kanisa, na jirani yenye alinipa sufuria ya safari. Na weye, nakukumbatia ku ile kifua yenye kuuma, pole pole. Mungu achunge mulango yenu mangaribi, na achunge barabara mpaka ifunguke.

Ni mimi binti yenu,
Denise

Naongeza hii pembeni. Shangazi amepita nyuma yangu na sombe yake, ameuliza naandikia nani. Nimemusomea yote, hata ile ya soko. Amesikiliza, mikono haikuacha kuchambua majani. Kisha amesema: "Uandike pia kama nilikasirika. Ile siku niliwachekesha, lakini mu tumbo nilikasirika sana. Ndugu yangu asifikiri anaombea jambo kidogo."